Kishikio Nilichompelekea Fundi wa Makreti

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza, na hiyo simu iwekeni pembeni. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Kuandika kurasa hizi kumenichosha kuliko kupalilia, kwa hiyo na nyie mkichoka kidogo hamtakufa.

Najua mnavyopenda bunduki. Mjukuu wangu anazipiga kwenye simu mpaka anasahau kula, na nikimkemea ananijibu, "Bibi, si za kweli." Mimi na mume wangu tulikuwa nazo za kweli. Tuliwinda nazo, tukala nyama, tukaogopa. Nazipenda mpaka leo, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Kwetu ni bara, nchi ya alizeti na vumbi, na kusini yake kuna pori kubwa. Mume wangu alikuwa bwana nyuki wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mapori kukagua mizinga, na katika kuzunguka huko akapata ugonjwa wa kukusanya raifoli kuukuu. Wenzake walipopata vijisenti walinunua ng'ombe. Yeye alikwenda kwa mwenye mashine ya kusaga aliyekuwa anafunga biashara, akarudi na bunduki. Padri mmoja mwindaji alipoitwa kwao, mume wangu akaenda misheni kumuaga, na baada ya kuhangaikia kibali miezi kadhaa akarudi tena na bunduki. Zote zilikuwa na vibali, na mwaka hadi mwaka alizipeleka polisi kukaguliwa, amezifunga kwenye blanketi utadhani wagonjwa.

Zilikuwa za kuwindia paa. Zilitengenezwa Amerika, kwa ajili ya wale paa wakubwa wa huko wenye pembe kama matawi makavu, na sijui zilivukaje bahari mpaka kuja kuua tandala wetu. Moja ilikuwa inajipakia yenyewe: ukifyatua, inatema ganda na kujiingizia risasi nyingine bila kuombwa. Mzee aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto mtukutu. Ila vumbi likiingia ilikwama, na kwetu vumbi haliishi. Halafu afisa wa wanyamapori akamwambia hiyo asiwindie kabisa, akae nayo tu nyumbani. Ikawa ya kupangusa na kutazama. Alikuwa akiipangusa kila Jumamosi kwa kipande cha khanga yangu, na khanga ile ilikuwa haijachakaa.

Ya kazi ilikuwa ile ya kuvuta. Chini ya mtutu ina kishikio cha mbao kinachoteleza. Ukishapiga, unakivuta nyuma, ganda linaruka. Unakisukuma mbele, risasi nyingine imeingia, na jicho lako halijamwacha mnyama. Mlio wake ule wa kuvuta na kusukuma ukiusikia mara moja hutausahau. Mzee alinifundisha kwenye kichuguu, akaniwekea kibuyu. Nilipokipasua akasema, "Haya, kesho unabeba wewe, mimi nitabeba maji." Nikaomba leseni yangu mwenyewe. Ofisini walicheka. Niliwaacha wacheke mpaka wakachoka, wakaniandikia.

Tuliwinda kila msimu ulipofunguliwa, ngiri, pongo, mara moja moja tandala. Sikuwahi kupiga mnyama mwenye mtoto. Lakini msimu wetu wa mwisho nilimpiga tandala dume vibaya, tumboni, akakimbia. Nikamkimbilia. Kwenye mawe nikateleza, bunduki ikatangulia chini, na kishikio kikapasuka kwa urefu. Tulimtafuta yule tandala mpaka giza likatuzuia. Asubuhi tulimkuta, fisi wameshamaliza. Mzee hakunigombeza. Alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungushia ule mpasuko, akaitundika bunduki. Hatukuwinda tena. Kila nikiingia chumbani nauona ule mpira mweusi. Angenigombeza ningepumua.

Sasa mimi nipo Guangzhou. Mwanangu ana ofisi ya kusafirisha mizigo hapa Sanyuanli, na anayeiendesha hasa ni mkwe wangu, mke wake, kwa sababu mwanangu muda mwingi yupo Dar es Salaam anapokea makontena. Niliitwa nije kuwaangalia wajukuu. Hatuishi ghorofa ya chini, na magoti yangu yanalijua hilo.

Hapa kuna tabia moja lazima niwaeleze, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu. Mfanyabiashara wa kwetu akija Guangzhou haji na maelezo, anakuja na sampuli. Mama anasimama pale sokoni Zhanxi, anachomoa kandambili moja mkobani, anamwekea mwenye duka mezani: nataka kama hii. Mwingine anakwenda kwenye maonyesho ya biashara kule Pazhou amekumbatia taa iliyoungua. Lugha haihitajiki. Kitu kinajieleza, kiwanda kinanakili. Ukikaa hapa sana unaanza kuamini kwamba kila kilichovunjika kwenu kina pacha wake huku, hajazaliwa tu.

Nilipokwenda nyumbani Krismasi nikamkuta mzee ameishusha ile bunduki ya kuvuta. Mpira umekauka, unakatika. Macho yake yameanza kuwa na ukungu, akaniambia anataka msimu mmoja tu kabla hayajafunga kabisa.

Nikasema, "Nipe hicho kishikio. Nitakwenda nacho."

"Wapi?"

"Guangzhou. Kuna fundi."

Akanitazama. "Mama watoto, hiki si kandambili."

"Ni mbao. Kwani nabeba mtutu?"

"Hao Wachina wenyewe wanaruhusu?"

"Wanaruhusu mbao!"

Akakifungua polepole, akanipa. Nikakifunga pamoja na uyoga mkavu na unga wa mtama, nikasafiri nacho, na hakuna aliyeniuliza neno. Ningekuwa na akili, kule kutoulizwa kungenitia hofu. Mimi kulinipa kichwa.

Fundi ni mzee wa rika langu. Karakana yake ipo kwenye uchochoro tunaopita kwenda sokoni, mlango wa chuma wa kuviringisha, ndani vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Anatengeneza makreti ya kufungia mashine za wateja wetu zisivunjike kwenye kontena, lakini ujana wake alijifunza kuchonga samani, na mikono haijasahau. Wajukuu zangu wakitoka shule walikuwa wanasimama kwake kuokota maranda yaliyojikunja. Mkewe alikuwa ananipa kiti nipumzike na mzigo wa mboga. Tulizungumza kwa vidole na vicheko. Mimi nilimwita laobani, kama kila mwenye duka anavyoitwa hapa, yeye akaniita apo, yaani bibi.

Nilikwenda kwake na mkwe wangu, kwa kuwa yeye Kichina anakimwaga kama maji. Nikatoa kishikio. Njiani nilikuwa nimeshampanga mkwe: ni mkono wa mashine ya kukamulia alizeti. Yeye ni mtoto wa Ilala, alizeti anaijua ikiwa kwenye chupa. Akayatafsiri maneno yangu kama nilivyompa. Uongo wangu ukatoka kwa kinywa chake.

Fundi akakigeuza. Akakinusa. Akasema kitu, mkwe akacheka.

"Anasema haya mafuta si ya alizeti, Mama."

"Mwambie ni ya kulainishia mashine."

"Anasema pia umelika upande mmoja. Hiyo mashine mnakamulia mmelala?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Ndicho kicheko ninachokijutia kuliko vyote nilivyowahi kucheka. Mtu aliuliza. Aliuliza vizuri, kwa utani, akanipa nafasi, na mimi nikamcheka.

Alikifanya kwa namna ambayo sitaweza kuieleza. Alitafuta mbao ya rangi ileile, akachonga na ile mifereji midogo ya kuzuia kiganja kisiteleze, mstari kwa mstari. Nilikuwa nikipita naona kinazaliwa. Moyoni nilimwona mzee wangu kichakani, anavuta, anasukuma.

Siku kazi ilipoisha hakuniita. Ilikuwa jioni, mimi nachambua mchicha, mkwe yupo jikoni na simu yake kama kawaida. Akazima jiko ghafla.

"Mama."

"Nini?"

"Hebu nieleze mashine ya alizeti ilivyo."

"Si unaijua?"

"Siijui. Nieleze huu mkono unashikwaje."

Akanigeuzia simu. Fundi alikuwa amejipiga video. Mafundi wengi wa hapa wanafanya hivyo, wanaonyesha kazi zao, watu wanawasifu. Yupo pale anatabasamu na meno yake ya chai, amekiweka kishikio cha zamani na kipya sambamba, nyuma yake mlango wa karakana na maandishi yake yote.

"Anasema ni kazi ya bibi mmoja rafiki yake kutoka Afrika," mkwe akasema. "Anawaambia watu wakisie ni kitu gani. Na hapa chini mtu ameandika, babu, hiki mbona kama cha bunduki? Na mwingine anauliza kama anaweza kumtengenezea na yeye."

Mchicha ukanidondoka.

"Mama, ni cha bunduki?"

"Ni cha baba mkwe wako."

"Mungu wangu."

Akakaa sakafuni, mwanamke mzima na apron yake. Mimi nilianza kujitetea, eti ni mbao, eti bunduki yenyewe ina kibali, eti ya kuwindia tu. Aliniacha nimalize, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, watoto wasisikie:

"Mama, kwa nchi hii hata bastola ya kuchezea ikifanana sana na ya kweli inamtia mtu matatani. Sisi tutarudishwa kwetu, tutalia, tutaanza upya. Yeye atarudishwa wapi? Yeye ndiye aliyechonga. Sura yake, mlango wake, sauti yake, vyote hivi hapa."

Nyie mnaosoma, nataka mlielewe hilo kama nilivyolielewa pale na mchicha miguuni. Mimi nilitaka kufuta mpasuko mmoja uliokuwa unaniumiza moyo, na kwa ajili hiyo nikaenda kumfunga kamba mtu mwingine shingoni, mtu aliyenipa kiti.

Tukavaa viatu. Kwenye ngazi mkwe akatoa wazo. "Tumwambie aifute tu. Tuseme kwetu ni mwiko kupiga picha chombo cha mtu. Tunachukua vyote viwili, tunasema asante, basi. Akijua ataogopa bure."

Nikasema sawa. Siwafichi, nilisema sawa, na nikajiona mwepesi wa miguu. Nilikuwa hata nimeshaanza kufikiria kontena gani litabeba kile kishikio kipya.

Tulimkuta anakunywa chai na mkewe, mlango wazi. Alituona akainuka haraka, akanirudishia cha zamani, kisha akakileta kipya amekiweka juu ya viganja viwili, kama mtu anayekupa mtoto mchanga. Mkwe akaanza kusema ule mwiko wetu. Fundi anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, ameshatoa simu aifute kwa heshima ya mila zetu, ambazo hazipo. Nikamtazama anavyohangaika na miwani.

"Mwambie bunduki," nikasema.

"Mama!"

"Mwambie. Mwambie bibi alimdanganya. Ni cha bunduki ya mume wake, ya kuwindia, ipo Afrika. Na mwambie wewe hukujua."

Mkwe akasema. Neno lenyewe sikulijua kwa Kichina, lakini nililiona lilipofika. Mkewe aliweka kikombe chini, kikagonga. Fundi akauliza. Mkwe akajibu. Akauliza tena kitu kilekile. Kisha akaifuta ile video, akakosea, akaifuta tena. Akavuta mlango wa chuma mpaka chini.

Ndani tukabaki na taa moja. Hakunipigia kelele. Aliwasha msumeno wa meza. Kwanza akakipitisha kile kipya, kipande kwa kipande, mpaka mifereji yake yote ikawa unga. Kisha akanyoosha mkono kutaka cha zamani. Nikampa. Ule mpira wa baiskeli akaubandua, akautupa pembeni, na mbao iliyoshikwa na mume wangu miaka yote ile ikaingia kwenye meno ya msumeno, ikatoa harufu ya mafuta, basi. Mkewe akafagia, akachanganya na vumbi jingine.

Nikamwambia mkwe, "Mwambie nitakwenda polisi mwenyewe. Nitasema kosa ni langu."

Fundi akatikisa kichwa kwa nguvu hata kabla mkwe hajamaliza kutafsiri.

"Anasema, Mama, ukienda wewe ndipo watakapokuja kwake. Anasema tafadhali usimsaidie."

"Basi ananiambia nifanye nini?"

Akakaa kwenye kreti. Akazungumza kidogo, hanitazami, anatazama mikono yake. Mkwe akanitafsiria.

"Anasema alijua mafuta yale si ya mashine ya chakula. Hakuuliza zaidi kwa sababu ulikuwa wewe."

Halafu akasema maneno mengine mafupi, na hayo niliyaelewa kabla ya kuambiwa. Alikuwa anasema tusije tena.

Kesho yake nilimpigia mume wangu. Nilimweleza yote, na mkwe amekaa karibu nisije nikaruka mahali. Akauliza kwanza kuhusu kishikio.

"Na cha kwangu amekikata?"

"Amekikata."

"Na ule mpasuko?"

"Mzee, kimekuwa unga. Mpasuko na kila kitu."

"Ungesema bunduki tangu mwanzo, angekukatalia," akasema. "Na kishikio changu kingekuwepo."

"Ndiyo."

"Mimi nilikwambia si kandambili."

"Ulisema."

Akakata simu. Baadaye alinitumia ujumbe wa sauti kwamba bunduki ile anaipeleka polisi ikakae huko, kwa sababu mtutu bila kishikio ni bomba tu. Sauti yake haikuwa ya hasira. Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi nikiitafuta hiyo hasira, sijaiona, na inanisumbua.

Mpaka ninapoandika hakuna aliyekuja kumuuliza fundi, kwa ninavyojua. Lakini nitajuaje? Kila gari lenye taa za polisi likipita chini mimi nipo dirishani. Yule aliyeandika kama cha bunduki yupo mahali fulani na macho yake, na yule aliyetaka atengenezewe yupo naye. Sala nazisema. Zamani nilikuwa nasali nikijiona mtu mwema anayeomba; sasa nasali kama mtu aliyeitwa ofisini.

Tulikubaliana tusiende, ila hatukuwaambia watoto. Juzi nilikuwa natoka nao shule, tukapita uchochoro uleule kwa mazoea. Mjukuu wangu mdogo akamwona fundi mlangoni, akachomoka mbio kwenda kuokota maranda, anamwita babu kwa Kichina kwa sauti ya kuamsha mtaa. Fundi akainua mkono kumpokea. Mkono ukafika nusu, ukasimama. Akatazama juu kwenye nguzo, pale ilipo kamera ya barabara, akageuka kama mtu aliyesahau kitu ndani. Mkewe akauvuta mlango wa chuma nyuma yake. Mtoto akarudi kwangu na mikono mitupu.

"Bibi, amekasirika?"

"Hapana."

"Sasa mbona hajaniona?"

Nikamshika mkono tukaenda nyumbani. Jioni nikawaita wote mezani, mkwe na watoto, na mwanangu nikamweka kwenye simu, sauti juu, yeye akiwa bandarini na kelele zake. Mwanangu akaanza, eti mama unazidisha, makreti tutatengenezewa na nani, yule ndiye fundi mzuri kuliko wote, na tukimnyima kazi si ndiyo tunamwumiza zaidi? Mkwe naye akasema tungoje kidogo, upepo utapita. Niliwasikiliza. Katika yote waliyosema hakuna lililokuwa baya. Nikapiga meza kwa kiganja.

"Kuanzia kesho hakuna wa nyumba hii atakayepita uchochoro ule, iwe anakwenda sokoni, iwe shule, iwe ana mzigo kichwani mvua inanyesha. Mtazunguka barabara kubwa. Makreti mtatafuta kwingine. Mkikutana naye njiani msimsalimie, na akiwasalimia yeye, inamisheni kichwa mpite, msisimame. Na mtoto akiuliza kwa nini, msimwambie babu amekasirika. Mwambieni ni bibi aliyekataza, aje aniulize mimi."